Mtoto Akipigwa Sita Sufuri

Asalaam aleikum, na wote hamjambo. Wazazi wenzangu, makocha wenzangu, ahsanteni kwa kuja na jua hili la Malindi.

Nimeombwa nizungumzie watoto wetu na tenisi. Nimechagua upande ule tusiopenda kuutaja: siku mtoto anapopigwa sita sufuri, sita sufuri, yaani amekosa gemu zote katika seti zote mbili, mbele ya watu, na wewe umekaa kwenye benchi umeshika chupa yake ya maji.

Nianze na kosa langu. Miaka mingi nyuma nilipeleka watoto mashindanoni Mombasa. Mmoja wao, kijana wa miaka kumi na miwili, hakupata hata gemu moja. Alitoka uwanjani ameshika raketi upande wa nyuzi badala ya mpini, inaburura chini. Tulipopanda matatu nikaanza kusema. Kutoka daraja la Nyali hadi Kilifi nilimweleza miguu yake, mkono wake, servi yake (pigo la kuanzisha pointi), uvivu wake. Yeye anatazama mikonge dirishani. Tulipofika Malindi akaniambia, "Ahsante, kocha," akanirudishia raketi ya mazoezi, akaenda zake. Hakurudi tena. Leo ni mtu mzima, tukikutana sokoni ananiamkia kwa adabu, nami kila mara naikumbuka safari ile.

Tangu hapo nina sharti langu: siku ya kipigo, njiani hatuzungumzi tenisi. Mtoto anywe maji, ale viazi karai, alale akitaka. Akianza mwenyewe, namsikiliza. Asipoanza, tutaonana kesho uwanjani.

Lakini kunyamaza peke yake hakutoshi, na hapa ndipo nataka tukae kidogo. Hesabu ya tenisi ina tabia ya kuficha: pointi hujenga gemu, gemu hujenga seti, na ubaoni zinabaki gemu tu. Kwenye mpira wa miguu ukifunga bao, bao lako linabaki ubaoni. Kwenye tenisi unaweza kupigania gemu hadi dyusi, yaani mmefungana pointi tatu kwa tatu au zaidi, ukaikosa kwa mpira mmoja, na ubaoni isionekane hata alama ya jasho lako. Ndiyo maana mimi hukaa na daftari, napiga mstari kwa kila pointi. Kuna binti yangu mmoja wa mazoezi, alipigwa sita sufuri mara mbili. Nilipojumlisha, zilichezwa pointi 81, na 27 zilikuwa zake. Theluthi nzima! Gemu nne zilifika dyusi. Siku ya pili nikamuuliza, "Mwanangu, unadhani jana ulipata pointi ngapi?" Akasema, "Labda tano." Nikamfungulia daftari. Alihesabu mwenyewe kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akarudia tena kutoka juu.

Kumwambia mtoto "ulicheza vizuri" wakati anajua amepigwa ni kumdanganya, na watoto wanaujua uongo wa wakubwa upesi sana. Daftari halimbembelezi. Linamwonyesha pale alipokuwa hai: pointi nyingi kati ya zile 27 alizipata alipoinua mipira juu na kumrudisha mwenzake nyuma. Hilo ndilo tulilokwenda kulifanyia kazi.

Je, kipigo kikiwa bado kinaendelea? Mabaharia wetu hapa bandarini wanajua: upepo ukiwa wa mbele, hulazimishi jahazi kwenda moja kwa moja, unabisha, mara upande huu, mara ule. Mtoto aliye nyuma nne sufuri hawezi kuibeba mechi nzima kichwani. Mpe safari fupi. Kwa kanuni ana sekunde 25 kati ya pointi na pointi, na sekunde 90 wanapobadilisha upande, isipokuwa baada ya gemu ya kwanza ya seti. Tunafanya mazoezi ya sekunde hizo kama tunavyofanya ya servi: geuka, tazama nyuzi za raketi, vuta pumzi, chagua kazi moja. "Gemu hii, kila mpira uvuke wavu mara tatu." Kazi hiyo anaweza kuitimiza hata akishindwa gemu yenyewe.

Tuwe wakweli pia kuhusu sababu. Mtoto wetu anakwenda Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, mipira inaruka nje, anadhani mkono wake umeharibika. Ni hewa, kule ni nyepesi, mpira unakwenda kasi na mbali zaidi. Afike siku mbili mapema. Na wale wadogo wa chini ya miaka kumi, kanuni za dunia tangu 2012 zinataka wachezee mipira ya polepole: mwekundu, wa machungwa, wa kijani. Mzazi anayemharakishia mtoto mpira wa njano wa wakubwa anamtengenezea kipigo yeye mwenyewe. Nasema kwa upendo.

Na msidhani haya ni ya watoto wetu tu. Mwaka 1988, fainali ya wanawake ya mashindano makubwa ya Ufaransa, Steffi Graf alimpiga Natasha Zvereva sita sufuri, sita sufuri. Zvereva alikuwa na miaka 17. Baadaye alitwaa mataji 18 makubwa ya wanawake wawili wawili, na mwaka 1998 alimtoa Graf pale Wimbledon, mashindano makubwa ya Uingereza. Juzi tu, 2025, Amanda Anisimova alipigwa hivyo hivyo na Iga Świątek katika fainali ya Wimbledon, jambo lililokuwa halijatokea kwenye fainali ya wanawake pale tangu 1911. Haikupita miezi miwili, wakakutana kwenye robo fainali ya mashindano makubwa ya Marekani, na Anisimova akashinda kwa seti mbili.

Binti yangu wa daftari hajafika huko. Mashindano yaliyofuata alishindwa tena, sita mbili, sita moja. Alipotoka uwanjani hakunitazama usoni, alinyoosha mkono kuomba daftari. Akakaa chini ya mwarobaini, akahesabu. "Kocha," akasema, "thelathini na nane."

Kesho saa kumi jioni tupo uwanjani, kusi ikipungua kidogo. Anayetaka kujifunza kupiga mistari, aje na kalamu.