Ploti Iliyoletwa na Mto

MISHI: Asalaam aleikum, karibuni tena. Kahindi leo amekuja amenuna. Sababu naijua, lakini nataka aiseme mwenyewe.

KAHINDI: Jumamosi nilikuwa na kazi ya picha za harusi. Bibi harusi katoka Nairobi na ukoo mzima, anataka picha ufuoni, nyuma bahari ya buluu. Nilimwambia mapema: vuli imenyesha bara, kaskazi limeanza, twende Watamu. Hataki. Ni Malindi tu, wazazi wake walipigia picha Malindi.

MISHI: Na bahari ikawaje?

KAHINDI: Chai ya maziwa. Bwana harusi akaniuliza kama kamera yangu ni mbovu.

MISHI: (anacheka) Ungemwambia udongo huo ni wa kwao.

KAHINDI: Nilimwambia! Bwana, mto Athi unaanzia huko kwenu, upande wa Ngong na Nairobi, unazunguka Machakos na Makueni, unaungana na mto Tsavo ndani ya mbuga ukaitwa Galana, na ukifika kwetu ni Sabaki. Mvua ikipiga mlima ulio uchi huko juu, mzigo tunapokea sisi. Akaniambia nimwonyeshe risiti.

MISHI: Wenyeji wanajua, lakini siku hizi tuna wasikilizaji wa Tanga na Unguja, niwaeleze kidogo. Kusi likivuma, maji yale mekundu husukumwa kaskazini, upande wa Mambrui na Ngomeni. Kaskazi likishika, yanatugeukia sisi, mpaka kwenye matumbawe ya hifadhi yetu ya bahari, ile ya tangu 1968. Na tumbawe linaishi kwa mwanga. Maji yakiwa na tope...

KAHINDI: Ngoja Bi Mishi, sijamaliza. Kutoka ukuta wa hoteli mpaka kwenye maji, bibi harusi kavua viatu, kavaa, kavua tena. Safari! Wazee wanakwambia zamani maji yalikuwa karibu na kuta zile.

MISHI: Ghuba imejaa mchanga wa Sabaki. Ufuo umekua.

KAHINDI: Umekua! Sasa swali langu: ile ardhi mpya ni ya nani?

MISHI: Ya umma, Kahindi. Usianze.

KAHINDI: Imetoka Machakos, imekuja yenyewe, haikununuliwa wala haikuibwa. Pwani hii mtu anazikwa kwenye shamba alilozaliwa, na babu yake kazikwa hapo hapo, halafu hati iko kwenye sanduku la mtu ambaye hajawahi kuukanyaga mkorosho wake. Sasa Mola katuletea ardhi isiyo na mwenyewe, na sisi tunaipiga picha!

MISHI: Anataka kugawa ploti baharini huyu.

KAHINDI: Hamsini kwa mia. Ya kona bei yake mbali.

MISHI: Na maji yakijaa?

KAHINDI: Unahamia kwenye ngalawa. Yakipwa unarudi kwako.

MISHI: Fundi wetu hapa nyuma ya kioo ameinua vidole viwili. Anataka mbili!

KAHINDI: Fundi alipe amana kwanza. Nimeshaona mambo ya watu wa studio.

MISHI: Haya, jamani. Leo nimeandika mambo manne, nami nitayasema. La kwanza ni hao wa huko juu, maana tunawasema kama hawajafanya kitu. 1938, mkoloni alisema Wakamba, hao wa Machakos, wana ng'ombe wengi kupita kiasi, ndio wanaomaliza milima. Akaanza kuwanyang'anya. Watu wakaenda Nairobi kwa maelfu, wakapiga kambi wiki kadhaa. Mkoloni akaacha kuwanyang'anya ng'ombe, lakini kiongozi wao, Muindi Mbingu, akakamatwa. Unajua alipelekwa wapi?

KAHINDI: Wapi?

MISHI: Lamu.

KAHINDI: Lamu yetu hii? Sasa huyo alipewa ploti ya bure!

MISHI: Kahindi, wallahi nitaondoka. Sikiliza. Mlima wenyewe ulikuja kushikwa kwa mwethya, vikundi vya kusaidiana, kina mama wengi. Leo shamba la huyu, kesho la yule. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima, udongo unautupa upande wa juu, unakuwa tuta. Juu ya tuta unapanda nyasi, nepia kwa mfano, zinashika na ng'ombe anakula. Maji ya mvua yakija yanakutana na tuta, yanasimama, yanaingia chini. Mvua baada ya mvua udongo unajaa nyuma ya tuta, shamba linajilaza lenyewe kama ngazi. Kazi hiyo imefanywa kwa jembe na mikono ya watu.

KAHINDI: Bila kulipwa.

MISHI: Bila kulipwa, na ndipo nilipotaka kufika. Mimi naona sisi wa chini tuwalipe. Shilingi moja kwenye bili ya maji, iende kwa wanaochimba matuta. Maji yetu ya Malindi, ya Kilifi, hata Mombasa, yanatoka Baricho, visima kwenye ukingo wa mto huo huo.

KAHINDI: Hapo ndipo hatupatani.

MISHI: Naivasha wamefanya. Watumiaji maji wa chini, wakulima wa maua wakiwemo, wamewapa vocha wakulima wa juu ya mto Malewa, upande wa Aberdare, ili wapande majani na miti kwenye miteremko.

KAHINDI: Wakulima wa maua, Bi Mishi! Hao wana pesa. Wewe unamtoza nani? Kuna jamaa zangu Magarini, bomba la Baricho limepita kwao kwenda mjini, na wao wanashuka mtoni na mitungi, mamba anawangoja. Hao nao watoe shilingi?

MISHI: Wasio na bili hawatozwi. Sikiliza ninachosema.

KAHINDI: Siku ya kwanza hawatozwi. Halafu jambo la pili: mama wa mwethya alichimba kwa sababu shamba ni lake. Siku ukianza kumlipa, siku pesa isipofika, jembe linalala.

MISHI: Kwa hiyo unataka wafanye kazi ya bure miaka yote, na sisi tunakunywa?

KAHINDI: Nataka wapewe hati, wapewe sheria ya kuwalinda na mchimba mchanga anayekuja na lori usiku, kisha waachwe.

MISHI: Sheria! Mkoloni alikuja na sheria.

KAHINDI: Ya kunyang'anya. Mimi nasema ya kulinda.

MISHI: Mwenye njaa halindi mlima kwa karatasi, Kahindi. Tuta linakula sehemu ya shamba lake. Mahindi ya hapo nani anamrudishia?

KAHINDI: Na nikuulize: udongo wote ukibaki Machakos, kamba wa ghuba watakula nini? Wavuvi wa Ngomeni wanaishi kwa maji hayo machafu.

MISHI: Hakuna aliyesema mto uje mtupu. Mto umeleta udongo tangu enzi na enzi. Ninasema kiasi. Vijana wanaopanda mikoko pale mlangoni mwa Sabaki, tope likizidi miche inafukiwa.

KAHINDI: Shilingi mimi sitoi.

MISHI: Utaitoa, utake usitake, tena utakuja kunishukuru.

KAHINDI: Nitaandika barua kupinga.

MISHI: Fundi ananionyesha saa. Eh! Dakika mbili? Nilikuwa na maji ya mvua, nilikuwa na vile visima vya nyumbani vinavyoingia chumvi, nilikuwa na...

KAHINDI: Ungesema badala ya kuhutubu.

MISHI: Nani kauza ploti nusu saa nzima? Wenye maswali ya visima, tuandikieni, wiki ijayo nitasoma kabla huyu hajafungua mdomo.

KAHINDI: Wiki ijayo sipo, nina harusi Mambrui.

MISHI: Afadhali. Watu wa kaswida wako mlangoni wanangoja chumba, tutoke.

KAHINDI: Shilingi haitoki, Mishi.

MISHI: Fundi, zima.