Mtoto Aliyesema "Hanipi"

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za jioni. Watoto wameshaanza kukimbizana huko nyuma ya ukumbi, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mimi ni mtaalamu wa usemi wa watoto, hapa Marekani. Mama mmoja aliniletea karatasi kutoka shule ya mwanawe wa miaka minne. Imeandikwa kwamba mtoto husema neno moja moja tu. Aliyempima alitumia mkalimani wa simu. Nikamuuliza mama, neno moja kama lipi? Akasema: jana kagombana na dada yake, kaja analia, "Hanipi!"

Hebu tuipasue hiyo hanipi. Yumo anayenyima, yumo anayenyimwa, kumo kukataa, na kitendo chenyewe. Kwa Kiingereza ungehitaji maneno manne. Mpimaji kahesabu ganda, karanga kaziacha ndani.

Kumbe sheria iko wazi. Marekani ilipitisha sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu mwaka 1975, leo inaitwa IDEA. Inataka mtoto apimwe kwa lugha yake, na asihesabiwe mlemavu eti kwa kuwa Kiingereza hakijampanda. Tangu 1986 upo pia mpango wa kuwapima na kuwasaidia walio chini ya miaka mitatu. Mzazi mwenyewe anaweza kupiga simu kuomba mwanawe apimwe, si lazima atumwe na daktari. Wakishapokea ombi wana siku 45 za kumpima na kukaa nanyi kikao cha kwanza. Kupimwa ni bure. Huduma zinazofuata, majimbo mengine hutoza kulingana na kipato, ulizeni mapema. Akitimiza miaka mitatu na akistahili, anapokelewa na shule za umma, na huko hamlipi kitu. Ila msisaini msichokielewa. Mkalimani ni haki yenu.

Sasa, mtaalamu wa usemi anafanya nini? Mzee mmoja aliniuliza kama nimekuja kukata kale kangozi ka chini ya ulimi. Hapana, mzee. Mtoto anayepaliwa na uji, huyo ni wangu. Asiyesema kabisa, huyo pia. Tunamtengenezea ubao wa picha aonyeshe kwa kidole, na picha hazimfanyi awe mvivu wa kuongea.

Nikija nyumbani sileti begi la midoli. Naomba kopo la plastiki linaloonyesha ndani, natia vipande vya andazi, nakaza kifuniko. Mtoto analitikisa, anakwaruza, limemshinda. Mama mkono umeshanyooka kumfungulia! Namwambia, subiri, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kwenye saba hivi mtoto anamtazama mama, anamsukumia kopo. Hilo tayari ni ombi. Ndipo mama anasema, "Fungua!", anafungua, anampa kipande kimoja, anafunga tena. Mimi nakuja saa moja kwa wiki. Siku zote nyingine mwalimu ni wewe, na kopo ni lako.

Ndiyo maana nakereka mtu akiwaambia muache Kiswahili nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Lugha mbili hazimletei mtoto ulemavu. Mama akilazimishwa Kiingereza cha kuokoteza, anaishia kumwambia mwanawe kaa, njoo, kula, basi. Hadithi zimekwisha. Na bibi aliye Uvira, kule Kongo, akipiga simu, nani atamjibu?

Turudi kwa yule mtoto. Nilimpa mama daftari, akaandika wiki nzima kila alichosema mwanawe, kama kilivyotoka. Tukaenda nalo kwenye kikao cha shule, mtoto akapimwa upya kwa Kiswahili. Sitawaficha, shida ipo: ukimtuma vitu viwili kwa mpigo analeta kimoja, na akieleza jambo lililopita unapotea njiani. Lakini ni shida nyingine kabisa, na mpango wake ni mwingine.

Madaftari nimeyaweka pale mezani karibu na chai. Mwenye mtoto anayemtia wasiwasi achukue moja, aanze leo usiku.