Mgeni na Nyuzi Kumi na Sita

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie matamasha ya muziki mpya, nami nimeibana mada hiyo hadi ikabaki tamasha moja tu, lile ambalo Kronos Quartet, kundi la wapiga nyuzi wanne, huliandaa mjini San Francisco, Marekani, kwa sababu ndani yake linaonekana waziwazi swali ninalotaka tulichambue: mwanamuziki mgeni anapoalikwa kukaa na wapiga nyuzi wanne, ni nani hasa anayebadilika? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nitadai kwamba katika tamasha hili anayehitaji kupona ni mwenyeji.

Kundi la namna hii lina fidla mbili, viola moja na selo moja, kila ala ikiwa na nyuzi nne. Tangu enzi za Haydn, mtunzi wa Austria wa karne ya 18, watunzi wa Ulaya wameliandikia kwa wingi mno, kiasi kwamba kundi linaweza kuishi umri wake wote likipiga kazi za marehemu bila kuishiwa. Mpiga fidla David Harrington hakutaka maisha hayo. Alianzisha Kronos mwaka 1973 mjini Seattle baada ya kusikia redioni "Black Angels" ya George Crumb, kazi ya mwaka 1970 iliyotungwa chini ya kivuli cha vita vya Vietnam, ambamo ala hupitishwa kwenye vipaza sauti, nao wapigaji huacha fidla zao kwa muda wakapiga gongo na kuburuta upinde kwenye ukingo wa glasi zenye maji. Kazi ya kwanza ambayo Harrington aliagiza, kutoka kwa mtunzi Ken Benshoof, ililipiwa kwa mfuko wa donati. Tangu siku hiyo kundi limeagiza kazi mpya, pamoja na kazi za zamani zilizopangwa upya kwa nyuzi, zaidi ya 1,000, na bila shaka malipo yamepanda.

Kuagiza kazi ni jambo moja. Kuagiza kwa mtu ambaye muziki wake haukai kwenye karatasi ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mwaka 1992 Kronos walitoa albamu ya "Pieces of Africa", iliyokusanya watunzi kutoka pande mbalimbali za bara letu, miongoni mwao Dumisani Maraire wa Zimbabwe, Foday Musa Suso wa Gambia na Justinian Tamusuza wa Uganda. Kazi ya Tamusuza inaitwa "Ekitundu Ekisooka", jina ambalo wasikilizaji wa mbali hulipokea kama fumbo, ilhali msemaji wa Kiganda atawaambia kwamba maana yake ni sehemu ya kwanza tu. Katika albamu hiyohiyo yumo Hamza El Din, Mnubi wa Misri, na kazi yake kuhusu gurudumu la kuteka maji. Aliitunga kwanza kwa udi wake mwenyewe. Ukiisikiliza utatambua kwamba hakuna mahali inapokimbilia. Sauti inazunguka, inarudi, inazunguka tena, kama gurudumu lenyewe linavyosukumwa na mnyama aliyezoea njia yake. Kronos walipoirekodi, sehemu kubwa ya Nubia, nchi ya mtunzi huyo, ilikuwa imekwisha kumezwa na maji ya bwawa la Aswan nchini Misri. Kwa mpiga fidla aliyefunzwa kwamba kila tungo lazima ipande hadi kileleni kisha ishuke, mzunguko huo ni mtihani mgumu kuliko mbio zozote za vidole.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na wakati wetu. Mwaka 2015 kundi lilianzisha mradi wa "50 for the Future", yaani kazi 50 mpya ambazo nota zake hutolewa bure mtandaoni ili makundi ya vijana popote yazipige. Mmoja wa walioalikwa ni Fodé Lassana Diabaté, mpigaji wa Mali wa balafoni, ala ya mbao zinazogongwa kwa virungu, ambaye kazi yake, "Sunjata's Time", iliwekwa katika nota za nyuzi na mpangaji muziki Jacob Garchik. Hebu tutazame ugumu wake. Kwa desturi ya Wamande wa Afrika Magharibi, balafoni hugawa oktava, yaani safari ya sauti hadi inapojirudia juu zaidi, katika nafasi saba zinazokaribia kulingana, mgawanyo ambao mistari ya nota za Kizungu haina alama zake kamili. Tena, kirungu kikishagonga ubao, sauti huchomoza na kufifia papo hapo, wakati upinde unaweza kuivuta sauti hadi mkono ufike mwisho. Kwa hiyo mpiga nyuzi hana budi kujinyima kile ambacho amekipalilia kwa miaka mingi, ile sauti ndefu iliyonona, aurushe upinde ili ugongeshe tu uzi na kuondoka, au audonoe uzi kwa kidole. Bahati nzuri fidla haina vizuizi shingoni mwake, na kidole kinaweza kusogea unywele mmoja kuitafuta sauti ambayo karatasi haikuiandika. Sikio ndilo huamua, na sikio hilo hufunzwa na mgeni.

Nisipake rangi, hata hivyo. Si kila ushirikiano hufaulu, na zipo jioni ambapo mgeni huimba kwa nguvu zake zote huku wenyeji wanne wakimtandikia sauti moja ndefu chini yake, kama zulia. Ni pazuri kwa macho, lakini hakuna aliyepata kitu kutoka kwa mwenziwe. Mimi hupima kwa njia moja: nikimwondoa mgeni akilini, je, nyuzi zilizobaki zinasema jambo ambalo zisingelisema bila yeye? Zikinyamaza, basi mgeni aliitwa kupamba ukumbi.

Mwaka 2024 John Sherba, mpiga fidla, na Hank Dutt, mpiga viola, walistaafu baada ya zaidi ya miaka 45 kila mmoja, nafasi zao zikachukuliwa na Gabriela Díaz na Ayane Kozasa. Paul Wiancko alikuwa amekwisha kuingia kwenye selo mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo, isipokuwa Harrington, walioketi sasa kwenye viti vya wenyeji walikuwa wenyewe wageni juzijuzi, na inawabidi wajifunze kazi za Diabaté na Tamusuza kutoka kwa nota, kanda na kumbukumbu za wenzao.

Naomba fundi mitambo atuwekee mwanzo wa kazi ya Diabaté. Sikilizeni selo, hasa jinsi upinde unavyouacha uzi.