Homa Baada ya Seli: Mhadhara Uliotolewa Moshi

Wazee wangu, shikamooni. Wauguzi wenzangu, na ninyi mliopanda daladala kutoka Himo na Marangu, karibuni.

Najua wengi mmekuja kwa sababu ya India. Tangu Oktoba 2023, walipoidhinisha tiba ya seli waliyoitengeneza wenyewe Mumbai, kwa bei iliyo takriban sehemu moja ya kumi ya ile ya Marekani, kila familia yenye mgonjwa wa saratani ya damu inaniuliza. Matumaini yapo, siyapunguzi. Leo lakini nazungumzia madhara yake.

Katika tiba hii mgonjwa hutolewa damu, zikachujwa seli T, zile za kinga. Maabara huzitia jeni ya kuzifanya ziitambue CD19, alama iliyo juu ya seli B ambazo ndizo zenye saratani. Zinazalishwa kwa mamilioni, kisha mgonjwa anarudishiwa kwa dripu. Dripu yenyewe haina shida. Shida huja siku zinazofuata, seli zikishaiona saratani: zinazaliana kwa kasi na kumwaga saitokini, kemikali za kuitana. Homa inapanda, presha inashuka, mapafu yanaanza kushindwa. Kwa wengi hali hii ni ya wastani, lakini wapo wanaoishia ICU.

Emily Whitehead alikuwa na miaka sita alipopewa seli hizo Philadelphia, Marekani, Aprili 2012, mtoto wa kwanza kutibiwa hivyo. Aliwekwa kwenye mashine ya kupumulia, karibu wamkose. Vipimo vikaonyesha kuwa saitokini moja, intaleukini-6, imepanda mno. Profesa Carl June, mmoja wa walioitengeneza tiba hiyo, aliijua dawa ya kuizuia kwa sababu binti yake mwenyewe alikuwa na baridi yabisi ya utotoni: tosilizumabu. Emily alipewa, akaamka, na saratani ikatoweka. Agosti 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya seli, na siku hiyohiyo ikaidhinisha tosilizumabu kwa madhara yake. Kwangu mimi, hospitali isiyo na dawa hiyo kabatini haina ruhusa ya kugusa seli hizi.

Ubongo nao huguswa. Mgonjwa anatafuta maneno, anasinzia, anaweza kupata degedege. Mwaka 2016 jaribio moja Marekani lilisimamishwa baada ya wagonjwa kufariki kwa kuvimba ubongo. Hapa tegemeo ni deksamethasoni (dexa), dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, maana tosilizumabu haiingii vizuri kwenye ubongo. Kipimo ninachokipenda hakihitaji hata umeme: kila siku mgonjwa anaandika sentensi, anahesabu kumi kumi kurudi nyuma kutoka mia, anataja vitu anavyoonyeshwa. Mwandiko wa jana ulikuwa umenyooka, wa leo umekuwa mikwaruzo? Mwite daktari sasa hivi.

Halafu mgonjwa anarudi Kilimanjaro kutoka India. Kwetu homa ni malaria mpaka kipimo kikatae, na kikikataa inageuka UTI au taifodi. (Mnacheka, lakini ni kweli.) Mgonjwa huyu haifai kumfanyia hivyo. Seli zake hazibagui. Seli B zenye afya nazo zimeuawa, kwa hiyo kingamwili zinaweza kubaki chini miezi, hata miaka. Seli nyeupe nyingine pia huchelewa kupanda. Malaria apimwe, ndiyo, lakini homa yake ni dharura hata kipimo kikisema hana. Sindano ya dexa ya duka la dawa asichomwe. Itaficha homa na maambukizi yataendelea ndani. Akiwa dereva wa bodaboda, kwa sababu ya hatari ile ya ubongo, asishike usukani mpaka waliomtibu wamruhusu. Ile barua ya India iliyoandika siku ya dripu na dawa alizopewa, ipigeni picha, iwe kwenye simu za watu watatu nyumbani.

Mama wa pale nyuma ameuliza: homa isipokuja, ndiyo kusema seli hazijafanya kazi? Hapana, mama. Wapo waliopona bila homa kali, na wapo waliougua sana na saratani ikarudi. Jibu litatoka kwenye kipimo cha uboho, baada ya wiki kadhaa.