Mashine ya Nyasi Ikikosa Wese: Anzia Tankini, Kabureta Iwe ya Mwisho

Haya jamani karibuni, na nyie mliosimama kule mlangoni sogeeni, viti bado vipo huku mbele. Leo naongea na watunza viwanja, wa mashuleni, wa mahotelini, wale wa nyumba kubwa za Masaki na Mbezi Beach, pamoja na mafundi wanaoitwa mashine ikigoma. Tunaongelea ile mashine ya kukatia nyasi ya kukalia, unapiga stata inazunguka vizuri tu ila haiwaki, au inawaka, inakata nusu uwanja, inaanza kukohoa alafu inazima. Mara nyingi sana hapo mafuta hayafiki.

Na kinachoniuma ni hiki, fundi akifika tu mkono unaenda kwenye kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Anaifungua, anachokoa jeti, kale katundu kadogo ka kupitishia mafuta, kwa waya, anasema hii imekufa, mwenye mashine anatumwa Kariakoo akatafute nyingine, hela inatoka, inafungwa mpya na mashine inazima vilevile. Jamani kabureta ni kituo cha mwisho! Petroli inatoka tankini, inapita koki kama ipo, inaingia kwenye mpira, inapita filta, mashine nyingi zina pampu kwa sababu tanki limekaa chini ya siti, ndo sasa inafika kabureta. Fuateni njia hiyohiyo, kituo kwa kituo, mahali wese linapokatika ndo penye ugonjwa.

Kabla hujagusa kitu injini ipoe, mashine itoke nje ya stoo, chomoa waya wa negativu wa betri na pasiwe na sigara wala jiko la mkaa karibu, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini chini na moto ukiwa mbali kidogo unaufuata. Hili sitanii.

Utajuaje ni mafuta na sio moto wa plagi? Rudisha betri, piga stata mara kadhaa, ichomoe tena alafu fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu kabisa, hainuki hata petroli, basi mafuta hayaingii.

Sasa anza na kifuniko cha tanki. Watu wanakidharau sana hiki. Kina katundu kadogo ka kupitisha hewa, na sisi huku vumbi na majani makavu yanakaziba. Ni kama kopo la maziwa ulilotoboa tundu moja, yanatoka kidogo yanagoma. Kwaiyo mashine ikiwaka vizuri alafu baada ya muda inazima, ukisubiri inawaka tena, legeza kifuniko uendeshe. Ikitulia umeshapata jibu, safisha hako katundu au nunua kifuniko kingine, na usiendelee kukata nyasi kikiwa kimelegea maana mafuta yatamwagika kwenye injini ya moto.

Kifuniko kikiwa kizima, chomoa mpira sehemu unapoingia kwenye filta, uelekeze kwenye chupa tupu na safi. Tanki likiwa juu mafuta yatiririke bila kukatika, likiwa chini itabidi uyavute kwa pampu ya mkono, usivute kwa mdomo kabisa, petroli ikiingia kwenye mapafu inaua. Yasipokuja ujue koki imefungwa, au uchafu umeziba tundu la kutokea mafuta tankini, au mpira wenyewe. Na mpira unadanganya, nje unauona mzima kumbe ndani umevimba au umebanduka, ubonyeze urefu wote, ukiwa laini kupita kiasi au una nyufa badilisha. Filta ina mshale, mshale uangalie kabureta. Filta haina bei kubwa, ukiitilia shaka weka mpya, ila kuiona haijajaa mafuta isikutishe, nyingi ndo zilivyo.

Pampu hapa naomba mnisikilize vizuri. Zile nyingi hazitumii umeme, zinasukumwa na pumzi ya ndani ya injini, kuna kampira kembamba kanatoka kwenye injini kuja kwenye pampu, na ndani kuna ngozi inayopanda na kushuka. Kampira kakipasuka au kakichomoka, pampu imekufa hata kama yenyewe ni mpya. Kuipima chomoa mpira upande wa kabureta uingize kwenye chupa, chomoa waya za plagi na uziegeshe kwenye bodi zisirushe cheche, rudisha betri, mwenzako apige stata. Mafuta yaruke kwa kudunda dunda.

Dada pale kauliza swali zuri, anasema oili ya mashine yao imeongezeka yenyewe na inanuka petroli. Dada angu, zimeni hiyo mashine leo. Ngozi ya pampu imepasuka, au sindano ya floti kwenye kabureta, ile inayofunga mafuta bakuli la chini likijaa, haizibi, petroli inashuka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi na injini itasagika. Rekebisheni kwanza alafu ndo mbadilishe oili na filta yake.

Mafuta yakifika kwenye kabureta bado usiifungue! Kabureta nyingi chini ya bakuli zina solenoidi, inafungua njia ya mafuta ukiwasha swichi na inafunga ukizima. Washa swichi usikilize, inatakiwa igonge "ta". Kimya maana yake waya umechomoka, betri imechoka au solenoidi yenyewe. Hapo ndo sasa bakuli lishushwe, na mara nyingi utakuta maji chini, maana maji ni mazito kuliko petroli, au utando wa njano unaonata. Jeti isafishwe kwa spirei na upepo wa kompresa, waya unapanua tundu.

Huo utando unatoka wapi? Vitabu vya mashine hizi vinaongelea baridi ya Ulaya na Marekani, kwetu ni kiangazi. Masika ikiisha Mei nyasi zinapoa, mashine inalala na petroli tankini, mvua za vuli zikija Oktoba ndo inakumbukwa. Briggs & Stratton wenyewe, watengenezaji wa injini hizi, wanasema petroli ikikaa zaidi ya siku 30 inaweza kuchacha. Kwaiyo kabla haijalala toa mafuta tankini, alafu iache iungurume mpaka imalize yaliyobaki kwenye kabureta. Na mafuta nunueni sheli, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, ila ile ya kwenye chupa barabarani hakuna anayejua imechanganywa na nini.

Haya, kuna mashine pale nje inazima kila baada ya muda, mje na chupa na spana, tuanze na kifuniko.