Vigae Juu ya Meza ya Nje, na Sponji Iliyokamuliwa Kweli

Karibuni tena. Leo meza ya nje inavaa vigae. Fremu na miguu viko tayari, kukata mbao mnajua. Tunaanza na vigae vyenyewe, maana ndivyo vitakavyotuambia ubao uwe na ukubwa gani.

Geuza kigae, dondoshea tone la maji mgongoni. Mnaona? Hiki kimelinywa papo hapo: cha ukutani, kirudi kwenye boksi. Hiki cha kaure, tone limekaa juu kama shanga. Ndicho cha nje.

Sasa hesabu. Vigae vya sentimita 20, sita kwa tatu. Sita mara 20 ni 120, tukate ubao? Subiri. Katikati kuna nafasi tano za milimita 3, hiyo ni sentimita 1.5. Halafu milimita 5 kila mwisho, kati ya kigae na fremu. Urefu unakuwa 122.5, upana, kwa hesabu hiyohiyo, 61.6. Na upime kigae kwa futi, usiamini boksi. Hivi nimevipima, ni 20 kamili, lakini vipo vinavyoandikwa 20 na ni 19.8.

Plaiwudi inayostahimili maji, milimita 18. Paka rangi ya mafuta chini na kwenye kingo, kwa sababu kingo ndizo zinazokunywa mvua. Juu, bodi ya saruji ya milimita 6, imelala kwenye gundi ya vigae na kushikwa skrubu kila sentimita 20, vichwa vizame. Bodi hiyo haiozi, ila maji hupita. Kwa hiyo mikono miwili ya dawa ya kuzuia maji, wa pili ukatishe wa kwanza. Imekauka? Twende.

Weka pima maji, kile kipimo cha usawa chenye povu. Povu lisikae katikati! Meza iliyolala sawa kabisa hufuga dimbwi. Inua upande mmoja milimita 6 kwenye upana huu, macho hayataona, maji yataona.

Gundi ni ile ya unga, ya nje, inayonyumbuka kidogo. Ya ndoo iliyokwisha kuchanganywa hulegea ikilowa, iache. Kilo 5 zinatosha meza hii, lakini changanya nusu kwanza. Tia unga kwenye maji, koroga, iache dakika 5 au 10, koroga tena. Ikianza kukaza usiongeze maji, itupe.

Sukuma gundi kwa upande bapa wa mwiko, kisha chana kwa meno ya milimita 6, mistari yote ielekee upande mmoja. Paka na mgongo wa kigae, safu nyembamba. Bonyeza ukisogeza huku na huku, kukatisha mistari. Hebu nibandue hiki niwaonyeshe... sawa, mgongo umejaa, isipokuwa pembe hii. Pembe yenye shimo ndiyo itakayokusanya maji na kupasuka. Rudishia gundi, bandika tena.

Ngoja, ngoja. Sogeza kamera. Kile cha pili kutoka mwisho kimeinuka, kivuli chake kinaonekana. Nyundo ya mpira, taratibu. Pitisha ukucha kwenye ukingo. Ukikwama, na glasi itakwama. Gundi iliyopanda katikati ya vigae ikwangue sasa hivi ikiwa mbichi.

Saa 24 zimepita. Ng'oa misalaba, vile vipande vidogo vilivyoshika nafasi za milimita 3 kati ya vigae. Sasa grauti, yaani saruji ya kujaza nafasi hizo: ya kijivu, yenye mchanga. Nyeupe kwenye meza ya nje ni kujitafutia kibarua. Isukume kwa mwiko wa mpira, ulale nyuzi 45, ukienda mshazari. Ule ufa wa pembeni karibu na fremu USIJAZE grauti.

Sasa sponji. Tulieni hapa. Gusa grauti kwa kidole: isipong'ang'ania ngozi, anza. Chovya, kamua. Kamua tena. Hapo unaona imekauka? Kamua mara ya tatu, tone hata moja lisidondoke. Sponji yenye maji huosha saruji na rangi, mistari inabonyea, na kesho yake ina mabaka meupe ambayo hayatoki. Pita mara moja mshazari, geuza upande, pita, suuza. Na ukisuuza? Kamua! Najua nimesema. Nasema tena kwa sababu mkono ukichoka hukamua nusu, na safu ya mwisho ndiyo inayoharibika. Ukungu wa grauti utakaobaki juu ya vigae futa kwa kitambaa kikavu baada ya saa mbili tatu.

Kesho yake, silikoni ya nje, ile ya kuziba inayonyumbuka, kwenye ufa wa pembeni. Jua likipiga, vigae hutanuka, mbao nazo zina mambo yake. Grauti ingepasuka pale. Tepu huku na huku, jaza, pitisha kidole chenye maji ya sabuni, vua tepu silikoni ikiwa bado mbichi. Ukichelewa inanyanyuka nayo, kama hapa kwenye kona... haya, narudia hii kona.

Meza ikae siku mbili bila mvua wala vikombe. Na maji ya kusuuzia sponji usimwage kwenye sinki: acha saruji itulie chini ya ndoo igande, ukaitupe ikiwa kipande.