Jinsi ya kuchukua udongo wa bustani kwa ajili ya kupima metali nzito

Mwangaluka jamani! Karibuni bustanini. Leo tupo bondeni kando ya Mto Mirongo, ule unaokatiza jijini Mwanza mpaka ziwani. Kila siku mnaniuliza, "Dada, mchicha wa bondeni una sumu?" Kwa macho hujui. Mchicha wenye kadimiamu, metali nzito yenye sumu, unaweza kunawiri na kupendeza kama kawaida. Dawa ni kuchukua udongo ukapimwe.

Vifaa: ndoo ya plastiki, mwiko wa mbao, mifuko safi ya nailoni, penseli, vikaratasi. Ndoo ya plastiki, nimesema. Ndoo ya bati imepakwa zinki, ukiikwangua kidogo tu imeshaingia kwenye sampuli. Mteja wangu mmoja alirudi na majibu yenye zinki ya kutisha, akataka kung'oa mboga zote. Kumbe ndoo! Nitalirudia hili, nawajua.

Kabla hujachimba, amua unaogopa nini. Kama ni mboga, chimba shibiri moja hivi, sentimita 20, mizizi inapokula. Kama ni watoto wanaocheza uani, kwangua sentimita 2 za juu tu, kwa sababu wao wanashika vumbi, hawachimbi. Watu wengi hapa ndipo wanapopotea: wanachimba chini kabisa, wanapata udongo safi, wanafurahi, na mtoto anaendelea kula wa juu.

Haya, tembea zigizaga, chota sehemu 15 mpaka 20, kiasi kilekile kila mahali, tia ndooni. Hiyo rahisi, twende. Ila ukikuta doa la oili chafu, au pale fundi alipomwaga maji ya betri, usilichanganye na mengine. Lipe mfuko wake. Na chukua sampuli nyingine mbali na hapa, kule juu kwenye mawe ambako hakuna gereji wala maji ya mfereji, upate cha kulinganishia. Udongo wowote una metali zake za asili.

Subiri, subiri. Geuza kamera huku, kwa huyu mtoto. Uso usimchukue, chukua mkono tu. Mnaona? Vumbi limejaa kwenye mikunjo ya vidole, chini ya kucha kweusi ti, na dole gumba liko mdomoni. Njoo mwanangu, njoo tunawe na sabuni.

Basi, mmeiona njia yenyewe. Risasi, ile metali (lead), sio ya bunduki, ikiwa kwenye udongo inamfikia mtoto hasa kwa mdomo, na inaharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, zaidi ya watoto 400 walikufa kwa sababu mawe ya dhahabu yenye risasi yalikuwa yanasagwa majumbani. Ndugu zetu wa machimbo ya Geita, kusagia uani hapana. Na zebaki ndiyo msiichomee jikoni kabisa, mvuke wake unaingia mapafuni.

Turudi kwenye ndoo. Changanya vizuri, mwaga juu ya plastiki safi, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, changanya tena, mpaka ibaki kama nusu kilo. Anika kivulini juu ya karatasi. Sio juu ya bati! Chekecheke nalo liwe la nailoni, sio la waya. Kama unatafuta zebaki, hiyo sampuli usiianike wala usiipashe moto, inaruka. Itie kwenye chupa ya kioo, funga, weka kwenye baridi.

Andika kwa penseli: mahali, kina, tarehe. Peni inayeyuka mfuko ukitoa jasho. Mwanza tunayo maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Ziwa. Piga simu kwanza, uliza bei na kama wanapima metali unazozitaka.

Majibu yatakuja kwa miligramu kwa kilo. Tufanye hesabu, mfano tu: kadimiamu 10. Mtoto wa kilo 15 akimeza gramu 0.2 za udongo kwa siku, anapata miligramu 0.002. Gawa kwa 15, ni kama 0.00013 kwa kila kilo ya mwili. Kikomo cha shirika la mazingira la Marekani (EPA) kwa kadimiamu ya kwenye chakula ni 0.001 kwa siku, kwa hiyo kwa kikomo hicho yuko chini. Sasa mama mjamzito wa kilo 60 anayetafuna pemba, ule udongo wa kula, gramu 30 kwa siku, tuseme una kadimiamu hiyohiyo 10: miligramu 0.3, gawa kwa 60, ni 0.005. Mara tano ya kikomo! Kadimiamu inakaa kwenye figo miaka na miaka. Kwa hiyo dada zangu, najua ile harufu ya udongo wa mvua inavyoita, lakini pemba ya sokoni hujui imechimbwa wapi.

Risasi haina kikomo cha namna hiyo. Angalia namba yenyewe: mwaka 2024 Marekani walishusha kipimo cha kuanza kuhofia udongo wa makazi, kutoka miligramu 400 kwa kilo mpaka 200.

Risasi ikiwa juu, mtoto apelekwe akapimwe damu. Bustanini, acha mboga za majani, panda nyanya, biringanya, hoho, matunda yanabeba kidogo. Majani yaoshe sana, risasi nyingi ni vumbi tu juu yake. Chokaa inapunguza kadimiamu kupanda kwenye mmea, ila kama udongo una aseniki, nayo ni sumu, chokaa usiimwage hovyo, inaweza kuifungulia aseniki hiyo. Kama hali ni mbaya, jaza udongo safi kwenye matuta ya juu.

Miche ya nyanya na hoho ninayo Buswelu, ukichukua trei nzima tunaongea bei. Maswali wekeni kwenye maoni, nayajibu jioni nikishamaliza kumwagilia.